Stadi za pembeni katika gemu za RPG: lini zinalipa, lini zinakula pointi bure

Anayefungua Fallout, RPG (gemu ya kumkuza mhusika wako) ya mwaka 1997, kwa mara ya kwanza hukutana na orodha kabla hajakutana na jangwa. Stadi 18 zimepangwa kwenye skrini, naye anatakiwa kuziwekea alama tatu atakazobobea. Small Guns haina mjadala, maana bastola ndiyo silaha ya mwanzo na risasi zake zinapatikana kila upande. Kufungua makufuli na kuzungumza na watu navyo havihitaji mtetezi. Maswali huanza kwa zile zilizobaki: kamari, mitego, kurusha vitu kwa mkono, huduma ya kwanza, na ule ustadi wa kuishi porini unaoitwa Outdoorsman. Tuziite stadi za pembeni. Ni zile ambazo gemu inazitaja kwa heshima ileile ya bunduki, lakini mchezaji hajui kama atazihitaji mara hamsini au mara mbili.

Ushauri unaosikika zaidi ni wa aina mbili. Wapo wanaosema usiziguse kabisa, weka kila kitu kwenye mapigano. Wapo wanaosema cheza upendavyo, gemu ni yako. Wote wanamwacha mchezaji pale alipokuwa, kwa sababu hakuna aliyemweleza gemu inautumiaje huo ustadi. Ndani ya gemu moja, ustadi mmoja wa pembeni unaweza kukufaa kuliko upanga na mwingine ukawa shimo lisilojaa. Tofauti yao inahesabika: gemu itauuliza mara ngapi, kiwango gani kinatosha, na ni kitu gani kingine kinachoweza kufanya kazi hiyohiyo. Tena pointi nyingi hazipotei kwa kuchagua ustadi wa ajabu. Zinapotea kwa kuuacha nusu njia, au kwa kuendelea kuulisha baada ya kushiba.

Pointi moja inagharimu nini

Hesabu ya Fallout iko wazi, tuanzie hapo. Kila anapopanda ngazi mhusika hupata pointi 5, pamoja na mara mbili ya akili yake, sifa inayopimwa kwa namba 1 hadi 10. Akili ya 8 inampa 21. Gemu inakoma ngazi ya 21, kwa hiyo hata akifika kileleni amepanda mara 20 na kupata pointi 420 kwa maisha yake yote. Akichukua sifa ya Gifted anakatwa 5 kila ngazi na asilimia 10 kwenye kila ustadi tangu mwanzo. Kwa akili hiyohiyo ya 8 zinabaki 320. Hiyo ndiyo mali yote ya kugawana.

Sasa chukua ustadi unaoanzia 15% ambao unataka ufike 75%. Ukiwa hauna alama, pointi moja huleta asilimia moja, kwa hiyo unalipa 60, karibu ngazi tatu nzima. Ukiuwekea alama unaanza na nyongeza ya 20, na kila pointi inaleta asilimia mbili. Kutoka 35 hadi 75 ni pointi 20, chini ya ngazi moja. Tofauti ni mara tatu.

Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Wanaona ustadi wa pembeni ni rahisi ukiwa na alama, wanasahau kwamba kilicho adimu ni alama zenyewe. Ziko tatu. Alama ya nne inakuja kwa Tag!, zawadi ya hiari inayofunguka ngazi ya 12, na mara nyingi hiyo imekwisha kuwekewa ahadi ya Energy Weapons, ustadi wa bunduki za nishati, kwa ajili ya silaha za mwisho wa gemu. Kwa hiyo ukiipa kamari alama, usihesabu pointi ulizoziweka kwenye kamari peke yake. Hesabu pia zile utakazolipa mara mbili kwenye ustadi ulionyimwa alama hiyo.

Njia ya tatu ni vitabu, nayo inabadilisha picha yote. Fallout na Fallout 2 zina vitabu vya stadi tano: huduma ya kwanza, ukarabati, sayansi, Outdoorsman na Small Guns. Kila kitabu kinaongeza sehemu ya kumi ya kile unachopungukiwa kufika 100, desimali zikiachwa. Ukiwa na 30%, kitabu cha kwanza kinaleta 7 unafika 37, cha pili 6 unafika 43, kisha 48, 53 na 57. Vitabu vitano vimekupa 27 bila kutumia hata pointi moja. Lakini ukiweka kwanza pointi 30 za ngazini, ukafika 60, ndipo ukasoma vitabu vilevile vitano, utaishia 75. Aliyesoma kwanza na kuweka pointi 30 baadaye ana 87. Pointi 12 zimepotea kwa mpangilio tu. Na ukishafika 91% kitabu hakiongezi kitu.

Kwa hiyo Outdoorsman, ukarabati, sayansi na huduma ya kwanza ni stadi za kusubirishwa. Usiziwekee pointi mapema. Pita kwa wauza vitabu kwanza (katika Fallout ya kwanza ni maktaba ya mji wa Hub), soma, kisha ujaze kilichopungua. Kusoma kunakula saa 11 ukiondoa akili yako, yaani saa tatu kwa mwenye akili ya 8, kwa hiyo hata ule ukomo wa siku 150 za kutafuta chipu ya maji, kazi ya kwanza ya gemu, hauguswi sana. Kamari, mitego, kurusha vitu na mapatano ya bei havina vitabu. Hivyo vinalipiwa taslimu.

Fallout 2 ya mwaka 1998 iliongeza ukali: kupita 100% kila asilimia inagharimu pointi 2, kupita 125% ni 3, na bei inazidi kupanda. Ndiyo maana ndani ya Fallout 2 ustadi wa pembeni hupata nafasi katikati ya gemu, wakati ustadi mkuu umeshapita mia na kuwa ghali. Pointi inayonunua nusu ya asilimia ya bunduki inaweza kununua asilimia nzima ya kitu kingine.

Kuhesabu milango

Kila mahali ambapo gemu inauliza ustadi wako tuuite mlango. Ustadi usio na milango haufai hata ukitolewa bure.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Daggerfall ya mwaka 1996. Gemu ile ina stadi 35, na tisa kati yake ni lugha za viumbe. Kazi ya lugha ni moja: kiumbe mwenye lugha hiyo anapokuona, gemu inarusha dadu kimyakimya, na ukishinda anakuwa hana ugomvi nawe hadi utakapompiga. Kwa jina zote tisa zinafanana, na mwongozo unazitaja kwa uzito mmoja. Zihesabu milango uone. Orcish inasikika kwa aina nne za maorki: orki wa kawaida, sajini wao, mganga wao na mbabe wao wa vita. Daedric inasikika kwa aina tano za Daedra, mapepo ambao ni miongoni mwa viumbe wanaoua haraka zaidi mwishoni mwa gemu. Kisha kuna Centaurian, inayosikika kwa aina moja, na Harpy, moja. Mchezaji anayetaka mhusika msema-lugha hana sababu ya kuzichukua kwa kupendezwa na majina. Orcish inaanza kumlipa mapema, Daedric inamlipa baadaye sana, na nyingine nyingi zitakaa bila kazi kwa mahandaki mfululizo.

Daggerfall ina kitanzi kingine. Ngazi yako inapanda kwa jumla ya stadi tatu za msingi, mbili bora kati ya zile kubwa, na moja bora kati ya zile ndogo. Kila pointi 15 ni ngazi moja. Lugha hukua polepole mno kwa kuwa zinasubiri kiumbe akuone. Ukiweka lugha kwenye nafasi ya msingi, umefunga breki kwenye ngazi zako zote. Weka lugha kwenye nafasi ndogo sita za chini. Pale inaweza kukua kwa mwendo wake bila kuwashika miguu wenzake.

Deus Ex ya mwaka 2000 ina kisa kinachojulikana zaidi, kuogelea, na hakihitaji maneno mengi. Maji yapo, lakini njia za majini ni chache, nyingi ni fupi, na kuna kifaa cha kupumulia kinachofanya kazi ileile. Ustadi wenyewe ni wa bei ya chini, na hilo ndilo linalowashawishi watu. Kiwango cha kwanza kwa anayependa kupita chini ya madaraja kinaeleweka. Kiwango cha juu kabisa hakina mlango.

Nani mwingine ana ufunguo?

Milango ikiwa mingi, swali linalofuata ni kama ustadi ndio ufunguo pekee. Morrowind ya mwaka 2002 ina ustadi wa biashara, Mercantile, unaopanga utauza na kununua kwa bei gani. Milango yake ni mamia, kila duka ni mlango. Lakini katika mji wa Caldera, ndani ya jumba la Ghorak, anakaa kiumbe mdogo aitwaye Creeper mwenye dhahabu 5,000, na mahali pengine ufukweni kuna kaa mfanyabiashara mwenye 10,000. Wote wawili wananunua mali yako kwa thamani yake kamili, uwe na Mercantile ya 5 au ya 100. Mchezaji anayejua njia ya kwenda Caldera ameshapata faida kubwa ya ustadi huo bila kuugusa. Asiyejua atalipa wakufunzi dhahabu nyingi ili akaribie matokeo hayohayo.

Katika Baldur's Gate na nduguye wa pili, makufuli yanafunguliwa na mwizi, lakini mchawi mwenye Knock, uchawi wa daraja la pili, anayafungua karibu yote, na shujaa mwenye nguvu anaweza kuvunja mengi. Mitego ni jambo jingine. Makasisi wana uchawi wa daraja la pili unaoionyesha, lakini kuonyesha hakutegui. Kwa sababu hiyo tofauti ya mgawo kati ya stadi hizi mbili inapaswa kuwa kubwa kuliko wachezaji wengi wanavyoifanya: mitego ipewe pointi za mapema, makufuli yasubiri. Na kuchomoa mifuko ni ustadi wa kuazima kabisa. Kuna dawa za kunywa zinazoupandisha kwa muda, na athari zake zinajumlishana. Mwizi anakunywa chupa mbili tatu mbele ya muuzaji mwenye kitu cha maana, anachomoa, basi. Kuna watu wanaomwaga pointi za ngazi nne kwenye kazi inayofanywa na chupa.

Kizingiti na dadu

Kuna namna kuu mbili ambazo gemu huuliza ustadi, nazo hazitaki uwekezaji wa aina moja.

Ya kwanza ni kizingiti: mlango unataka 50, una 49, haufunguki; una 50, unafunguka kila mara. Hapa pointi 49 na pointi sifuri ni sawasawa. Ukiamua kuingia, nenda hadi kizingiti, na ukifika simama. Kinachoumiza ni kwamba gemu nyingi za zamani hazionyeshi kizingiti, kwa hiyo watu husambaza pointi kidogokidogo kila mahali kama tahadhari. Wanaishia na stadi sita zenye 35, zisizofungua mlango wowote kati ya ile iliyo mbele yao.

Ya pili ni dadu. Hapa kila asilimia ina kazi, lakini swali linageuka: nikishindwa inakuwaje? Kama kushindwa hakuna adhabu na unaweza kurudia, kiwango cha chini kinatosha mno. Kufuli la nafasi ya 30% ukijaribu mara tano, uwezekano wa kulifungua walau mara moja ni 83%. Kuongeza pointi 30 zaidi hapo ni kununua sekunde chache. Lakini kufuli za Fallout zinaweza kukwama ukishindwa vibaya, na ukikamatwa ukiiba mji mzima unaweza kukugeukia. Pale ambapo kushindwa kuna gharama, asilimia ya 80 kwenda 95 ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote.

Sheria za Dungeons & Dragons, RPG ya mezani, toleo la tatu la mwaka 2000, zinaliweka hili wazi kabisa. Kama hakuna haraka na kushindwa hakudhuru, mhusika anaruhusiwa kuchukua 20, yaani ahesabiwe kama dadu ya pande 20 imetua juu kabisa, kwa kutumia muda wa majaribio ishirini. Kufuli la kawaida lina ugumu wa 25, zuri 30, la ajabu 40. Ukitoa 20, unahitaji jumla ya +5, +10 na +20. Kwa hiyo mwizi mwenye +10 kwa jumla, wepesi wake ukiwemo, amemaliza kufuli zote nzuri za ulimwengu. Kila cheo, yaani kila +1 ya ustadi, anachoongeza kati ya +11 na +19 hakimfungulii kitu kipya akiwa na muda. Ama asimame kwenye 10, ama aamue kwenda hadi 20.

Bunduki haina kizingiti cha namna hiyo, na ndiyo maana mashindano ya pointi ni ya kweli. Katika Fallout nafasi ya kupiga haizidi 95%, lakini kulenga macho kunakata 60, umbali unakata, na kinga ya adui inakata. Small Guns ya 120% bado inakosa. Anayesema mapigano yakifika mia yatosha hajajaribu kulenga macho kutoka mbali.

Mbili zilizodharauliwa

Baldur's Gate II ya mwaka 2000 inampa mwizi pointi 25 kila ngazi. Wengi huzigawa kwenye makufuli, mitego na kunyatia, na kuacha zile mbili za mwisho kwenye orodha: kugundua viinimacho na kutega mitego. Kwa maoni yetu hizo ndizo bora kuliko zote zilizomo.

Wachawi wa gemu ile hawapigani wazi. Kabla hujamfikia, mchawi ameshajigawa taswira kadhaa au ametoweka machoni, na mishale yako inapiga hewa. Dawa ya kawaida ni uchawi wa kuona kweli, ambao ni daraja la sita kwa mchawi na la tano kwa kasisi. Ni nafasi ghali, inaisha, na anayeusoma anaweza kukatizwa katikati. Mwizi mwenye 100 kwenye ustadi wa kugundua viinimacho anafanya kazi ileile kila mzunguko, siku nzima, bila kusoma neno. Hatua zake ni hizi: mwache kwenye hali ya kutafuta mitego, kwa sababu ustadi huu unafanya kazi kupitia kitufe hichohicho, asipige, asinyatie, asogee tu ili mchawi awe mbele ya macho yake. Mzunguko unapopita, taswira zinadondoka na aliyetoweka anaonekana. Kosa la kawaida ni kumwamuru mwizi ashambulie, jambo linalozima hali ile, kisha mchezaji akalalamika kwamba ustadi haufanyi kazi. Kosa jingine ni kuuacha kwenye 40: unarushiwa dadu kila mzunguko, na mizunguko ya kwanza ndiyo inayoamua nani atasimama. Pointi 100 ni ngazi nne. Jan Jansen, mbilikimo mwizi na mchawi, anafaa kazi hii, kwa kuwa hapotezi sana akiacha kupiga.

Kutega mitego ni rahisi zaidi kueleza. Huwezi kutega ukiwa na adui machoni, lakini kiumbe ambaye bado hajawa adui hahesabiwi. Joka Firkraag wa milima ya Windspear anazungumza nawe kwanza. Tega pembeni yake, hadi mitego saba katika eneo, ndipo uanze ugomvi. Idadi ya mitego kwa siku inapanda kwa ngazi na si kwa asilimia. Asilimia inalinda tu kila mtego usiharibike wakati wa kuutega. Ukishafika pale ambapo hushindwi kutega, acha kuongeza.

Kununua wakati wa punguzo

Neverwinter Nights ya mwaka 2002 inafuata toleo la tatu la D&D. Ustadi wa darasa lako (kazi ya mhusika, kama shujaa au mchawi) unalipa pointi moja kwa cheo, na ukomo ni ngazi yako jumlisha 3. Ustadi usio wa darasa lako unalipa mbili kwa cheo, na ukomo ni nusu ya huo. Tumble, sarakasi ya kukwepa, si ustadi wa shujaa wa kawaida, lakini katika gemu hii kila vyeo 5 vya Tumble vinaongeza 1 kwenye kinga ya mwili, moja kwa moja na daima.

Shujaa binadamu mwenye akili ya 10 hupata pointi 3 kila ngazi, na mara nne ya hizo ngazi ya kwanza. Akifika ngazi ya 16 amepata 57. Tuseme ameweka 19 kwenye Discipline, ambayo ni ya darasa lake na inamzuia kuangushwa. Zimebaki 38, na gemu inaruhusu kuzibeba bila kuzitumia. Ngazi ya 17 anachukua ngazi moja ya Rogue, darasa la mwizi, ambayo inamletea pointi 9 na kuzifanya Tumble na Use Magic Device kuwa za darasa lake kwa ngazi hiyo. Ana 47 mkononi na ukomo wa vyeo 20. Anaweka 20 kwenye Tumble, kinga inapanda 4. Anaweka 20 kwenye Use Magic Device, anaanza kusoma hati za uchawi ambazo shujaa haruhusiwi. Zinabaki 7. Angenunua Tumble kama shujaa mtupu, pointi 20 zilezile zingempa vyeo 10, kinga 2, na basi.

Hatari iko kwenye mbari. Binadamu haumii. Lakini elf, mtu wa mbari ya kubuni ambaye darasa lake la asili ni uchawi, akiwa shujaa wa 16 na Rogue wa 1 anakatwa asilimia 20 ya uzoefu wote unaofuata, kwa sababu madarasa yake mawili yamepishana kwa zaidi ya ngazi moja. Angalia hilo kabla ya kubonyeza, kwa kuwa adhabu hiyo itamfuata muda wote wa pengo hilo.

Kikosi kinapogawana kazi

Gemu ya mtu mmoja na gemu ya kikosi hazitoi jibu moja. Katika Knights of the Old Republic ya mwaka 2003, kompyuta unamwachia roboti T3-M4, makufuli unamwachia Mission, mwenzako wa kikosini, na mhusika mkuu hana haja ya hata cheo kimoja. Lakini ushawishi, Persuade, ni wa mhusika mkuu peke yake, hakuna wa kumwazima. Ukarabati nao unaonekana wa kuachia wengine, hadi uone kwamba roboti HK-47 anatengenezwa hatua kwa hatua katika mazungumzo, na kinachopimwa ni ustadi wa mhusika mkuu. Milango ni michache, lakini kila mmoja unamfanya mwenzako kuwa hodari zaidi na kufungua kumbukumbu zake. Kwa hiyo ndani ya gemu ya kikosi gawa orodha mara mbili: vile vinavyofanywa na yeyote aliyesimama karibu, na vile vinavyoulizwa ndani ya mazungumzo. Pointi za mhusika mkuu ziende kwenye kundi la pili.

Ustadi unapokuwa mbovu wenyewe

Kuna nyakati hesabu zote ni sahihi na bado hupati kitu, kwa sababu programu ina kasoro. Unarmored ya Morrowind inapaswa kumlinda asiyevaa deraya. Ila ukiwa hujavaa kipande chochote kabisa, kinga yake haihesabiwi. Vaa kipande kimoja, viatu au kofia ya chuma, na sehemu nyingine zilizo wazi zinaanza kulindwa. Watu wamefika Unarmored ya juu wakiwa na kanzu peke yake na kuuawa na panya wa mapangoni, wakadhani ustadi ni dhaifu. Ukiona ustadi haubadilishi kitu, angalia takwimu ya kinga kabla na baada ya kuvaa kitu kimoja. Jaribio la dakika moja linaokoa ngazi kumi.

Ukiwa huijui gemu

Usiweke pointi zote siku ya kwanza kama gemu inaruhusu kuzibeba. Cheza saa mbili tatu za mwanzo ukihesabu: makufuli mangapi, mazungumzo mangapi yaliyotaja ustadi, mitego mingapi, na mara ngapi ulilazimika kupigana njiani bila kutaka. Watengenezaji kwa kawaida huonyesha mapema wanachokusudia kuendelea kukiuliza. Kisha weka nakala ya kusevu kabla ya kupanda ngazi, panda, jaribu mlango mmoja unaoujua, na ukiona haukufunguka, rudi. Katika Fallout 2 jaribu hivyo na Outdoorsman: tembea njia ileile mara kadhaa, uhesabu ni mara ngapi gemu imekuuliza kama unataka kukutana na waliokutegea au kupita. Kubeba kitambua-mwendo kunaongeza asilimia 20 kwenye ustadi huo, kwa hiyo fanya hesabu hiyo ukiwa nacho mkobani, la sivyo utanunua kwa pointi kitu ulichokwisha kukiokota.

Na usiucheke ustadi kwa jina lake. Wasteland ya mwaka 1988 iliweka kwenye orodha yake ustadi wa kutengeneza tosta za mkate, na Wasteland 2 ya mwaka 2014 ikaurudisha. Ndani ya tosta zilizoharibika za gemu hiyo ya pili mna vitu ambavyo watu fulani duniani mle wanavitafuta na kuvilipia vizuri. Tosta haziondoki zilipo. Mtu mmoja kikosini, asiye na mzigo mwingine, anaweza kuwekewa pointi zake mwishoni kabisa, zikiwa zimebaki, kisha kikosi kikazirudia moja baada ya nyingine.